Kikombe cha Idi Kirudi Kabatini

Shemeji Zuhura,

Salamu kutoka Mbeya, ambako baridi inatutafuna masikio nasi tunatafuna viazi vya moto. Huko Iringa mwambie jirani yetu Mzee Kibwana, bingwa wa kuuona ukoma kutoka ng'ambo ya barabara, kwamba ameumbuka. Leo daktari amelikwangua lile baka jeupe la mgongoni kwa mumeo, unga wake akautia kwenye darubini. Nami nikachungulia, maana mtu aliyefika Rodeshia kama mimi hasimuliwi, hujionea. Nikaona kama ulezi uliomwagikia njiti za kiberiti.

"Ni mba tu," daktari akasema. "Kwenye ukoma huyaoni haya. Na nikimgusa hapo kwa pamba, anacheka; baka la ukoma halihisi kitu."

Mba, shemeji! Ndiyo hiyo walitaka kumpelekea kaka yangu kambi ya wakoma! Idi akalia, mimi nikamtukana ili nisilie.

Jumamosi tunarudi na dawa yake ya kupaka. Kile kikombe chake walichokitenga kwenye banda la kuku, kioshe ukirudishe kabatini. Mzee Kibwana akija, mtilie chai humo humo, tena ujaze.

Lala unono, mke wa mwenye mba.

Shemejio Saidi