Mkono Usio na Uso

Dada yangu Hirut,

Huku Gondar mvua zinaishia, Mama hajambo, na yule kuku wako mkorofi bado anataga kitandani kwangu. Umeuliza kama shuleni ninakula na wenzangu. Mama nimemwambia ndiyo. Wewe nakwambia kweli: wenzangu wanalishana matonge, mimi nakula nimegeukia ukuta. Bethel wa darasani kwetu ameshanipa jina.

"Mke wa Ukuta, leo mumeo kashiba?"

Darasa zima hucheka.

Basi nikaanza kuchora hadithi ya katuni, ya msichana anayekula peke yake. Jana Bethel akanipokonya, akaipeperusha mbele ya wote.

"Tazameni! Mwishoni kuna mkono unamlisha, lakini mwenyewe hayupo. Wa nani huu, wa jini?"

Nilitamani kujificha chini ya dawati. Feven, msichana aliyehamia juzijuzi, akainuka. Akakunja kipande cha mkate wake wa injera, akakichovya kwenye mchuzi, akaniletea hadi mdomoni.

"Achama basi, mchuzi unanimwagikia!"

Nikaachama. Dada, tangu uliponilisha asubuhi ile ya safari yako ya Beirut, hakuna mwingine aliyenilisha. Nilikuwa nimeshasahau kulishwa kulivyo. Nikamng'ata kidole! Akapiga ukelele, kisha tukacheka mpaka Bethel akaona haya kuendelea.

Mkono ule nilipouchora ulikuwa wako. Usininunie: leo nimeupa uso wa Feven, na kidoleni nimeuchorea plasta.

Mdogo wako mwenye meno,
Tirsit