Kula ya Ndiyo

Samuye, Jumapili

Mkono wangu huu, uliowahi kumwangusha fahali kwa pembe, leo umeniaibisha.

Mkutano wa sheria mpya ya ndoa. Ati mume asiongeze mke mpaka wa kwanza aridhie. Na mimi nimekwisha kumwahidi ndoa mjane wa Kagongwa! Nikasimama: "Nimwombe ruhusa Mama Masanja, mke niliyemtolea ng'ombe mwenyewe?" Wazee wakapiga makofi. Nani husema kama mimi?

Maneno yakawa marefu, nikasinzia. Nyuma ya ofisi nyama ya wageni inanukia. Nikashtuliwa na balozi wetu wa nyumba kumi, Msukuma asiyeijua r: "Haya, sasa kula! Wanaotaka, mikono juu!"

Nikanyoosha yote miwili.

Vigelegele! Mama Masanja ndiye aliyeanza.

Jioni kaniletea ugali, kapiga goti kwa adabu zote. Nikamuuliza polepole: yule wa Kagongwa, je, utaridhia?

"Baba Masanja," akasema, r inamviringika kama mtu wa pwani, "hiyo ni kura yangu. Wewe kula."

Nimekula. Ugali wenyewe mtamu, ni ile "ndiyo" inayoniudhi.