Mfalme Mkuu Bado Hajajibu

Makorora, Tanga

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta goti limepata nafuu, na kwamba Mama ameacha kukuficha fimbo ili usiende shambani. Sisi huku ni wazima. Joto tu ndilo linalotuzidi.

Nakuandikia kuhusu Luqmani. Najua ulikataza jina la ndugu yangu lisitamkwe mbele yako, kwa hiyo nimeliandika. Huu ni mwaka wa pili tangu alipokuambia, mbele ya kikao cha ukoo, kwamba umekosea kuiacha michungwa ya Babu nje ya mirathi, nawe ukamharamishia kizingiti chako. Kuhusu michungwa sina la kuongeza: uliirudisha mwenyewe, na Shangazi Mboni akapata fungu lake. Kosa limeondoka, adhabu imebaki.

Ili unielewe, sharti nikueleze mchezo wetu. Jumamosi alasiri Luqmani huja kwangu, pamoja na majirani wawili, Tausi mshonaji na Edgar muuguzi. Kila mmoja hujifanya mtu wa Dola ya Zarhani, nchi ya kubuni yenye majoka na wachawi. Mchezaji huamua mtu wake atende nini, na dadu huamua kama amefaulu. Mimi ndiye msimamizi: nasema kwa niaba ya sheria, askari na Mfalme Mkuu. Usicheke, Baba. Sheria za Zarhani nimezitunga kwa uangalifu ambao wewe, hakimu mstaafu, usingeuonea haya.

Mwezi uliopita, karani anayechezwa na Luqmani alisimama barazani akasema kwamba amri ya Mfalme kuhusu visima inapingana na hati iliyoasisi dola yenyewe. Alikuwa sahihi. Lakini sheria ya Zarhani haiulizi usahihi: anayemkosoa Mfalme hadharani huhamishwa ng'ambo ya mto. Rufaa haipo, kwa kuwa hakuna aliye juu ya Mfalme wa kuisikiliza. Nikamhamisha.

Edgar alitaka joka lake likachome kasri. Tausi akamuuliza kama kwao Lushoto mtu akikorofishana na baba mkwe huchoma nyumba. Akasema kinachotakiwa ni mtu mzima mmoja aende akaombe radhi, na kwamba bibi mfinyanzi, mtu wake mchezoni, angekwenda na udi na sahani ya halua. Edgar akacheka hadi akamwaga chai, akisema hajapata kusikia dola iliyopinduliwa kwa halua. Tausi akamjibu kwamba hapindui mtu, anabisha hodi.

Nilipekua kanuni zetu. Hazikuwa na neno juu ya jambo hilo. Basi ikanilazimu nimpokee bibi kwa kinywa cha Mfalme. Nikakohoa kidogo, nikasema kwamba neno langu likishatoka limetoka. Luqmani akadakia kwamba huyo si Mfalme, huyo ni Baba mtupu. Wote wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Kisha akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Tausi hakuacha mchezo. Bibi yake alimwambia Mfalme kwamba hakuja kusema Mfalme alikosea, wala kwamba karani alipatia. Amekuja kuomba, ili Mfalme akitoa, awe ametoa yeye. Nafundisha sheria, Baba, na sikuwa nimelipima jambo hilo sawasawa. Rufaa humhitaji aliye juu zaidi. Ombi halimhitaji, humwachia mwenye amri amri yake yote, pamoja na uwezo wa kuilegeza. Nikaahirisha mchezo. Mfalme Mkuu bado hajajibu, kwa sababu jibu hilo si langu.

Sasa nikiri lililonifanya niandike. Ijumaa baada ya swala nitafika Maramba na Shangazi Mboni. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kuja kumwombea ndugu yangu, na halua ameshaagiza. Luqmani tutakuwa naye, ila atabaki barabarani, nje ya mpaka wa kiwanja chako. Hakuna atakayejadili michungwa. Usipotaka nimwite, nitakunywa chai, nitakubusu mkono, na nitarudi naye Tanga bila lawama.

Nisalimie Mama, na umwambie fimbo akurudishie. Mungu akuzidishie afya.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Sabra