Kadi Ulizokuwa Umeshazisogeza

Mzee,

Nimetia sahihi karatasi inayosema kwamba wewe ndiye uliyekosea. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka ukurasa uishe, unanijua. Niliitia sahihi Jumanne. Leo ni Alhamisi, na tangu siku hiyo chakula hakishuki. Ninaogopa, Mzee. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Ngoja nieleze taratibu. Mengi yametokea tangu tukuzike.

Ile kazi uliyoiacha nusu, ya kukusanya rekodi za zamani za mchanga na mawe, walinipa mimi niimalize. Bosi alisema, "Nekesa amekaa na Mzee Tuwei miaka minne, nani mwingine atasoma ule mwandiko?" Nikavimba kichwa. Vitu vyote vikahamia mezani kwangu: vidaftari vya wapimaji vinavyonuka panya, makaratasi ya maabara yaliyofifia, na yale masanduku yako matatu ya kadi. Kila kadi sampuli moja: mchanga ulichotwa mto gani, na ndani yake kuna shaba kiasi gani, risasi kiasi gani, aseniki kiasi gani. Wapimaji wale walikuwa wakitafuta dhahabu, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba aseniki hupenda kukaa jirani na dhahabu, ndiyo maana waliipima kila mahali, wakaandika, wakaenda zao. Kwamba aseniki ni sumu haikuwa shida yao. Sisi tulitaka yote yaingie kwenye jedwali moja na ramani moja, ili anayetaka kuchimba kisima ajue ardhi ya hapo ina nini.

Na ile kazi niliipenda, haki ya Mungu. Mto mmoja ulikuwa na majina matatu, sampuli moja imeandikwa mara mbili, mahali palipokosa namba mtu amejaza sifuri. Nilikuwa nikikwama najiuliza wewe ungefanyaje. Ungetoka nje, ungeagiza chai, ungeimimina kwenye kisosa uipulize mpaka ipoe, na jibu lingekuja lenyewe. Siku hizi hata kile kibanda cha chai hakipo, wamekivunja kupanua barabara. Mahindi sasa yameanikwa mpaka karibu na geti letu na malori ndiyo hayo yamejipanga tangu asubuhi. Ungelalamika vumbi wiki nzima.

Uliongea sana, Mzee. Tusidanganyane. Ulianza na kadi ukaishia kwa ng'ombe wa marehemu baba yako, kisha ukanitania, "Wewe mtoto wa Bungoma, bila kuku hata akili haifanyi kazi." Uliniletea mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha, kwenye chupa, nikaonja nikakunja uso, ukacheka hadi ukakohoa. Nilikupenda kama mzazi. Lakini nilikuwa nimejifunza kusema "Ndiyo, Mzee" kila baada ya maneno machache huku akili yangu iko kwingine. Hapo ndipo kosa lilipo.

Siku yenyewe naikumbuka sasa vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Ulikuwa umeshaanza kukonda, koti limekuwa kubwa. Tulikuwa kibandani. Ukasema, "Nekesa, zile kadi zenye alama ya penseli kwenye kona, nimeshazisogeza. Usizisogeze tena." Mimi nilikuwa kwenye simu, dada yangu amenitumia picha za vitenge vya harusi nichague, cha kijani au cha rangi ya machungwa. Nikasema, "Ndiyo, Mzee." Ukaendelea na habari za ng'ombe.

Bosi hakuelewa mpaka nilipomweleza hivi: ramani za zamani zilipimwa kwa mtindo mmoja, GPS inapima kwa mtindo mwingine, na mahali palepale panapata namba tofauti. Ukitaka kuziweka pamoja lazima uzisogeze za zamani karibu mita mia tatu, zote, upande mmoja. Wewe ulikuwa umeanza kuzisogeza kwa mkono, kadi moja moja, na kila uliyomaliza ukaitia alama. Mimi nikadhani alama ni ya kadi uliyoihakiki. Nikazipiga kwenye kompyuta, nikazisogeza zote kwa mkupuo, pamoja na zako. Kwa hiyo zako zikaenda mara mbili.

Ramani ilipotoka walipiga makofi ofisini. Kisha akaja Mama Chebet, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kutoka upande wa Moiben. Walikuwa wakichota maji mbali na wameshapata msaada wa kuchimbiwa kisima, wanataka kuambiwa mahali. Nikafungua ramani, nikaweka kidole changu hiki. Nikamwambia, "Hapa, Mama. Hapa ni pasafi." Siku ya kufungua pampu waliimba, wakanipa kikombe cha kwanza, nikanywa chote. Maji baridi, matamu. Ni miezi miwili sasa.

Wiki jana nilikuwa nachora mito juu ya ile ramani, kazi ya mwisho kabisa, ya kupendezesha macho tu. Nikaona kadi arobaini na kitu ziko juu ya kilima. Mchanga wa mto, Mzee, juu ya mgongo wa kilima! Nikacheka peke yangu, nikasema hawa wapimaji walikuwa wamekunywa. Nikafungua sanduku kuhakikisha. Kadi ya kwanza ina alama kwenye kona. Ya pili ina alama. Ya tatu na ya nne vilevile. Ya tano sikuichomoa. Ndipo sauti yako ikanirudia yote, na kibanda, na vile vitenge.

Nilizirudisha nyuma. Kila moja ikashuka kilimani ikaingia mtoni kwake. Na moja, ile uliyoipigia mistari miwili ya wino mwekundu chini ya neno aseniki, ilishuka ikatua kando ya pampu ya kina Mama Chebet.

Najua ungesema nini. Ungesema mchanga si maji, Nekesa, tulia, maji yapimwe kwanza. Inawezekana yako salama. Nalishika hilo kwa mikono miwili. Lakini wewe hukupiga mistari miwili kwa mchezo.

Nilikimbia kwa bosi siku hiyo hiyo, hilo angalau nilifanya. Alifunga mlango. Akasema maji yapelekwe maabara, majibu ni kama wiki tatu, na kabla ya hapo tusiwatie watu hofu. Nikauliza, na kwa hizo wiki tatu watakunywa nini? Akasema wamekunywa miezi miwili na hakuna aliyekufa. Jumanne akanisukumia karatasi imeshachapwa: marehemu alisogeza sehemu ya kadi bila kumjulisha mtu yeyote. "Marehemu hafutwi kazi, Nekesa," akaniambia. "Wewe una mtoto." Si mtu mbaya. Unakumbuka alivyokuwa akikuletea dawa. Naye anaogopa.

Bila kumjulisha mtu yeyote. Ulimjulisha mtu, Mzee. Ulinijulisha mimi. Na duniani kote tulikuwa wawili tunaojua hilo, na wewe umeshakwenda. Nikaliona hilo waziwazi nikiwa nimeshika kalamu: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikatia sahihi. Kalamu yenyewe haikukwama hata kidogo.

Jana Mama akanipigia. Mkeo, kutoka Cheptiret. Maneno yalikuwa yameshamfikia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema, "Wanasema alikosea kwa sababu ya ugonjwa, kwamba kichwa kilikuwa kimeshachoka. Mimi nimelala naye mpaka siku ya mwisho, na kichwa chake kilikuwa sawa. Lakini mimi sijui mambo ya ofisi. Wewe ulikaa naye, mwanangu. Niambie."

Nikamwambia, "Sijui, Mama."

Woi, Mzee. Nilimwambia sijui. Akanishukuru, akaniuliza mtoto anaendeleaje, akakata simu. Yule mama ameanza kukutilia shaka, anazipitia siku zako za mwisho moja moja akitafuta mahali ulipoanza kupotea, kumbe hukupotea popote.

Asubuhi ya leo nikampigia Mama Chebet. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikamwambia ramani ilikosewa, wafunge pampu sasa hivi, wasinywe, wasipikie, hata ng'ombe wasipewe. Akaniuliza, "Hata haya yaliyo motoni?" Nikamwambia hata hayo, na kuchemsha hakusaidii. Nikasikia kuku, na mtoto analia. Akasema, "Huyu mjukuu wangu ndiyo ameanza uji." Kisha akaniuliza, "Mlikosea wapi?" Nikasema tutakuja tuwaeleze. "Tutakuja." Ona nilivyojificha tena ndani ya wingi.

Mvua ya mawe imeanza, mabati yanapigwa hadi sijisikii nikipumua. Nitaweka kalamu chini kidogo. Kuna kitu nataka kukifanya kabla moyo haujageuka.

Nimerudi.

Nimempelekea bosi karatasi nyingine, nimeiandika kwa mkono wangu. Inasema Mzee Tuwei alizitia alama kadi alizosogeza, na alinieleza kwa mdomo wake maana ya ile alama, nami sikumsikiliza. Inasema ramani ni yangu na kidole kilichoonyesha mahali pa kuchimba ni changu. Inasema nimeshawaambia wenyewe wafunge pampu, na naomba wapelekewe lori la maji mpaka majibu yatoke. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama nimefikiria. Nikasema ndiyo, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa tu, nilikuwa naogopa sana hadi hakukuwa na nafasi ya kufikiria. Akavua miwani. Akasema lori ataliagiza leo, na mimi niende nyumbani nisubiri kuitwa. Hakusema nitaitwa lini. Kwa hiyo naimalizia hii barua langoni, chini ya kibaraza cha askari, mfuko wangu umeloa.

Usidhani hofu imepungua. Nilifikiri nikisema ukweli nitapumua, kumbe imeongezeka. Naogopa majibu ya maabara. Naogopa kwa ajili ya huyo mjukuu anayekunywa uji. Naogopa kurudi nyumbani nimwambie mwanangu kwa nini niko nyumbani mchana. Nilikunywa kikombe kimoja cha yale maji, wao wamekunywa asubuhi na jioni kwa sababu nilinyoosha kidole. Kama yana sumu, sijui mtu anaishije na jambo kama hilo. Wewe ungejua la kusema, na safari hii ningekusikiliza hata ukianzia kwa ng'ombe wote wa Uasin Gishu.

Nakuahidi hivi, na naandika ili nisitoroke. Kesho asubuhi naenda kwa kina Mama Chebet. Sitasema "tulikosea." Nitasimama mbele yao niseme mimi, Nekesa, na wanifanye watakavyo. Nitarudi kila wiki mpaka majibu yatoke, na yakitoka nitayapeleka mwenyewe, yawe mazuri au mabaya. Kisha Jumamosi nitashuka Cheptiret, kwako. Nitamwambia Mama kabla sijaketi, kabla hajanipa chai, kwa sababu akishanipa chai nitashindwa.

Kwaheri, Mzee wangu. Kongoi, asante kwa kila kitu ulichonifundisha, hata nilichokiacha kikapita. Kaburi lako haliko mbali na mlango wa jikoni. Jumamosi ukimsikia Mama akilia, usishtuke. Nitakuwa nimemwambia kwamba kichwa chako kilikuwa sawa.

Nekesa