Mjukuu Nimembariki, Nyambizi ya Waingereza Sijaibariki

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mke, ndugu wawili na mtoto mmoja wa kiume. Meli tatu nilizofanyia kazi zimekatwakatwa zikauzwa kama vyuma chakavu, na mimi bado natembea kwa miguu yangu mpaka sokoni Voi na kurudi. Treni ya kwenda Taveta ilikufa nikiiangalia. Wakubwa wangu wote wa jeshi la majini wamelala chini. Kwa hivyo nikisema jambo juu ya meli, wewe nyamaza kwanza.

Leo Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, vumbi limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya chai.

Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja. Shule niliachia darasa la saba huko Werugha. Niliingia jeshini kama kijana wa kupangusa mafuta, nikatoka afisa mwenye nyota begani. Si kwa vitabu. Ni kwa mikono na masikio. Niweke nyuma ya ukuta, washa injini, nitakuambia ni silinda gani inaumwa. Wenye digrii walikuwa wanakuja kuniuliza mimi, tena kwa adabu.

Na waliponipeleka kujifunza ni huko huko kwa Waingereza, miezi tisa, baridi ya kukata masikio. Meli zao za wakati ule sizitukani. Zilikuwa chuma cha kweli. Ikiharibika unashuka na spana, unapanda na jibu.

Za sasa ni takataka.

Nimesema, na sirudishi. Manowari yao ya kisasa ilipelekwa kwenye bahari ya joto, umeme ukazima, meli nzima ikakaa kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Si porojo yangu, waliandika wenyewe. Injini ya vita inaogopa maji ya moto! Halafu wakajenga nyingine ya kubeba ndege, kubwa kama mtaa mzima, ikaharibika kwenye rafadha, ile pangaboi inayoisukuma majini, ikiwa ndiyo kwanza imetoka nyumbani. Mabaharia wachache, skrini nyingi. Mtu ameketi kwenye kiti anaangalia picha ya injini. Picha haina joto. Picha haitetemeki ukiiwekea mkono.

Lakini adui yangu hasa ni nyambizi. Nyingi zimefungwa gatini zinangoja fundi. Zile chache zinazotoka zinakaa chini ya maji miezi na miezi, kwa sababu ile ya kwenda kupokea zamu bado haijapona. Watu wanakaa humo kama sadini, hawaoni jua, hawajui leo ni Jumapili ama Jumatatu. Na hao ndio wanajiita mabaharia. Baharia asiyeona bahari!

Sasa niseme kwa nini nina moto hivi wiki hii.

Mjukuu wangu Mghoi, binti wa marehemu mwanangu, alienda kwa hao Waingereza miaka tisa iliyopita kusomea ufundi, akapata na uraia, akaingia jeshi lao la majini. Jumamosi alikuja nyumbani. Tukiwa mezani, hata sijamaliza ugali, akaniambia amechaguliwa.

"Babu, nimepata nyambizi. Chumba cha injini, kama wewe."

Kama mimi! Mimi nilikuwa napanda juu navuta sigara naona Mombasa.

Nikamuuliza swali moja tu. Nikifa na wewe uko chini, itakuwaje? Mghoi hajui kudanganya, huo ndio ubaya wake. Akasema nyambizi ikishuka haijibu mtu, ili isijulikane iko wapi. Habari za msiba hawapewi. Wanaambiwa wakirudi.

Sikuongea naye siku tatu.

Jana akaja dada yangu Wakio kutoka Werugha, na kabichi gunia zima, na mdomo wake. Kwetu Wataita hasira ya mzee si mali yake peke yake. Ukiifungia moyoni na mtoto akasafiri, inamfuata. Ataugua, kazi itamkataa, na hatajua sababu. Dawa ni kutasa: unachukua maji mdomoni, unayapuliza chini, unataja hasira yako kwa sauti mpaka iishe, ndipo unabariki. Zamani ilikuwa kwa mbangara, pombe ya miwa. Mimi ni mzee wa kanisa na Wakio ni wa kwaya, kwa hivyo tunatumia maji na tunamaliza kwa sala. Hakuna aliyekuja kutushtaki.

Leo asubuhi nikasimama uani, Mghoi mbele yangu. Nikapuliza maji, nikasema nenda salama, nikaweka kikombe chini.

"Hayo ni maji ya kusukutua," Wakio akasema. "Rudia."

"Nimeshasema."

"Umesema kwa meno. Hasira bado imekaa hapo ndani kama mgeni wa Krismasi."

Nakiri hapa: alikuwa sawa. Nilitaka kumdanganya mtoto. Nikageuka niondoke, Wakio akachukua fimbo yangu akaikalia. Mwanamke wa miaka sabini na minne!

Basi nikarudi kwa kikombe. Jirani yangu Mwasaru, aliyestaafu reli, alikuwa amefika kuazima ngazi. Akasimama langoni, akavua kofia, ngazi akaisahau. Nikapuliza, nikataja injini inayozima kwenye joto. Nikapuliza tena, nikataja rafadha. Nikapuliza tena, nikataja skrini, na wale wanaoziangalia, na aliyezibuni, na mama yake.

"Mama yake mwache," Wakio akasema. "Na hiyo bado siyo yenyewe. Endelea."

Maji ya nne yalinikaa mdomoni muda mrefu. Nilipoyatoa nilisema hivi, nikimwangalia Mghoi usoni. Nina hasira kwa sababu nitazikwa na wewe hujui. Utakuwa chini huko unakunywa chai, unacheka na wenzako, na mimi niko kaburini wiki ya tatu. Na ukipanda juu utakuja na zawadi yangu kwenye begi.

Wakio akainuka, akanirudishia fimbo yangu.

Mghoi akajifuta macho na mkono wa blauzi. "Babu, nikirudi nitakulilia upya. Matanga nitayafanya peke yangu, nichinje mbuzi nimle peke yangu. Na usife mwaka huu, bado niko mafunzo, nitajua, utaniharibia mtihani."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikachukua maji ya tano. Nikampulizia miguuni, nikasema: chuma kikubebe, maji yakurudishe, mkono wako uisikie injini kabla skrini haijasema. Kisha Wakio akasali, sala ndefu, jua likituchoma kichwani.

Nimejipima tangu hapo. Kwa mtoto sina kitu tena, moyo ni mweupe. Ilikuwa woga, nakubali, na naandika hapa kwa sababu wasomaji ni wachache. Kwa nyambizi yao hasira iko pale pale, wala sikuitasa, wala sitaitasa. Siku ikimrudisha salama nitaisalimia. Kwa mbali.

Kesho anapanda treni. Nilimuuliza hiyo meli yake itakuwa inashuka mwezi gani na kupanda mwezi gani, nijipange. Ati ni siri ya serikali. Siri! Kwangu mimi niliyemfundisha kutambaa! Basi sawa. Wakinificha miezi, nitakaa hai yote kumi na miwili, kila mwaka, mpaka amalize mkataba wao. Tuone nani atachakaa kwanza, mimi ama chuma chao.

Ukidhani nimeongeza chumvi, muulize dada yangu Wakio, nyumba ya pili baada ya kanisa, Werugha. Muulize Mwasaru, alisikia kila neno, na ngazi alikuja kuichukua saa kumi. Mghoi mwenyewe alikuwepo, lakini huyo utamfuata kwa Waingereza, na utamngoja apande juu.