Mimba ya Palizi: Kumbukumbu za Kikundi cha Jembe Moja, Matisi

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KIKUNDI CHA WANAWAKE CHA JEMBE MOJA, KILICHOFANYIKA SEBULENI KWA MWENYEKITI, MATISI, KITALE, JUMAMOSI TAREHE 11 MEI 2024, KUANZIA SAA TISA ALASIRI (tangazo lilisema saa nane)

WALIOHUDHURIA
Mary Ann Nasambu – Mwenyekiti
Wakonyo Gichuki – Katibu
Rosaline Muigai – Msimamizi wa Zamu za Shamba
Phelista Khaemba – Mwanachama
Nelima Kizito – Mwanachama, mwenye ombi
Wanachama wengine kama kawaida

ALIYEALIKWA
Sista Chelimo – Muuguzi

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Nakhungu, yuko matangani Bungoma

WALIOKOSA BILA UDHURU
Hakuna. Kikao cha mambo ya tumbo hakikosi watu.

KUMB. NA. 1/5/2024: KUFUNGUA KIKAO
Rosaline aliongoza sala. Aliombea mvua, mahindi, na "wale wanaotafuta njia za kukwepa jembe." Mwenyekiti alimwomba siku nyingine aongee na Mungu peke yake.

KUMB. NA. 2/5/2024: OMBI LA NELIMA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikundi hupalilia shamba la kila mwanachama kwa zamu, na mwenye mimba hupumzishwa, wenzake wakamshikia jembe. Kanuni inasema apumzishwe tumbo likishaonekana. Ilipitishwa miaka mitatu iliyopita baada ya Phelista kupumzishwa msimu mzima na mtoto asionekane. Tangu hapo kitu hicho kinaitwa "mimba ya palizi", na Phelista mwenyewe huitwa hivyo akiwa hayupo. Leo alikuwepo, ameketi karibu na mlango.

Nelima alieleza kwamba anaomba kupumzishwa kuanzia Jumatatu ingawa tumbo halijaonekana. Kikundi kinajua mimba zake mbili zilitoka zikiwa changa. "Hii ya tatu siwezi kuipeleka shamba," alisema.

Rosaline aliuliza amepimwa wapi. Nelima alijibu kwamba hajapimwa. Alisoma kwenye simu, akanawa mikono vizuri, akajichunguza shingo ya kizazi mwenyewe. Imepanda juu na imelainika. Zamani ilikuwa ngumu kama ncha ya pua, na sasa ni laini kama mdomo.

Inaandikwa hapa kwamba wanachama wote walijishika pua, kisha mdomo, Mwenyekiti akiwemo.

Rosaline alisema, "Ati shingo? Mimi nimezaa watano na sikuwahi kuambiwa huko ndani kuko na shingo." Alitaka kujua kikao kitahakikisha vipi madai hayo. Mwenyekiti aliagiza swali hilo lisijibiwe na mtu yeyote, kwa maneno wala kwa vitendo.

KUMB. NA. 3/5/2024: MAELEZO YA SISTA CHELIMO
Sista alieleza kwamba Nelima hajaongea upuzi. Mimba ikiwa changa, shingo ya kizazi hulainika, na damu ikizidi kufika huko, rangi yake hugeuka ikawa ya kibuluu hivi. Rosaline aliuliza rangi hiyo mtu ataionaje. Sista alijibu kwamba daktari ana kifaa chake, na kioo cha mkobani hakitoshi. Wanachama wawili walifunga mikoba yao.

Hata hivyo, Sista aliendelea, shingo hiyo hupanda na kulainika hata katika mwezi wa kawaida, yai likikomaa, na kila mwanamke ana maumbile yake. Kwa hivyo si dalili ya kutegemea, na vidole vinaweza kupeleka uchafu. Siku za hedhi zikipita bila damu kuonekana, mtu apime mkojo, kisha aende kliniki. Alitoa kipimo kwenye mkoba wake akakiweka mezani karibu na chai.

Nelima alikataa hata kukigusa. Alieleza kwamba mara zote mbili alipima, akaona mistari miwili, akampigia mama mkwe simu kule Matulo, watu wakashangilia, kisha damu ikaanza kutoka. "Nikipima tu, inaenda. Si afadhali nijishike-shike nikiwa na tumaini langu?"

Sista alisema kipimo hakitoi mimba, na zile mbili hazikutolewa na jembe pia. Nyingi zikiwa changa hutoka zenyewe, na mwenyewe hana kosa. Lakini aliyepoteza mbili anafaa aonwe na daktari mapema.

Rosaline alisema anamhurumia Nelima, lakini kanuni ni kanuni, "na hatutaki mimba ya palizi ingine hapa."

KUMB. NA. 4/5/2024: PHELISTA
Phelista alisimama bila kuomba ruhusa. Mwenyekiti hakumkalisha.

"Ile yangu ilikuwa mimba ya kweli," alisema. "Nililala, nilipumzika, na bado ilitoka, nikiwa kwa shangazi kule Lugulu. Nikirudi nikapata mshaanza kucheka. Sasa ningewaambia nini? Nikawaacha mcheke."

Rosaline alisema, "Woi, Phelista." Phelista alimjibu, "Usiniambie woi. Futa hiyo kanuni."

Rosaline ndiye aliyetoa hoja ya kuifuta, huku akijipangusa macho kwa leso. Wote waliunga mkono. Jina lile limepigwa marufuku, na atakayelitaja atapalilia shamba la Phelista peke yake.

KUMB. NA. 5/5/2024: KIPIMO
Nelima alichukua kipimo mezani, akamwomba Phelista wafuatane hadi choo cha Mwenyekiti. Walikawia. Wanachama walingoja bila kugusa chai, jambo ambalo Katibu hajawahi kuliandika tangu achaguliwe.

Waliporudi, Phelista ndiye aliyeshika kipimo. Kilikuwa na mistari miwili. Mtu alifungua mdomo apige kigelegele, Nelima akainua mkono. "Bado, tafadhali. Mkishangilia nitaogopa zaidi. Nipeni tu mtu wa kunishikia jembe Jumatatu."

Mwenyekiti aliuliza nani atajitolea. Mikono yote iliinuka, hata wa Sista Chelimo, ambaye si mwanachama na hana jembe. Iliamuliwa kwamba Phelista atamsindikiza Nelima kliniki, na mama mkwe asiambiwe lolote mpaka Nelima aamue mwenyewe.

KUMB. NA. 6/5/2024: KUFUNGA KIKAO
Wanachama walisimama ili kumwombea mtoto wa Nelima. Kabla Mwenyekiti hajaanza, Phelista aliuliza kama wake naye anaweza kutajwa, kwa sababu hakuna siku aliyowahi kuombewa.

Aliulizwa kama alikuwa amempa jina. Alisema ndiyo, Zachary. Zachary aliombewa kwanza.

Wanachama walianza kuondoka saa kumi na moja na nusu jioni, chai ikiwa haijanywewa.

Imethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Mary Ann Nasambu, Mwenyekiti ……………………

Wakonyo Gichuki, Katibu ……………………