Udongo wa Mfinyanzi Chini ya Tuta la Chepilat

Jumatatu, 6 Oktoba 1997
Nimepima tuta la barabara hapa Chepilat asubuhi. Vile vibao vya chuma vya kupimia tulivyozika chini yake vinashuka polepole sasa kuliko mwanzo – udongo wa mfinyanzi umeanza kutulia. Injinia Kimotho amefurahi. Anataka tuongeze tabaka la mwisho kabla ya mvua. Nimefurahi pia. Mwaka mzima kwenye matope haya!

Jumatano, 8 Oktoba
Nimechora grafu upya. Kuna kitu hakikai sawa. Kushuka kumepungua, ndiyo, lakini pegi za kupimia tulizopigilia pembeni zinasogea nje, upande wa nyumba ya Nyanchoka, mama anayeishi chini ya tuta. Kwa hivyo udongo wa mfinyanzi haujatulia. Unasukumwa kando, kama unga wa chapati chini ya kiganja.
Kimotho anasema labda ng'ombe wamezigonga. Inawezekana. Hula pale kila siku.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepiga pegi mpya, nikazizungushia miba. Nyanchoka alinisaidia, mtoto mgongoni. Akauliza kama nyumba yake iko salama, maana injinia alimwambia haina shida. Nikasema tunaendelea kupima. Jibu baya.
Malori yamemwaga udongo mchana kutwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mvua ilinyesha usiku. Pegi zimesogea. Miba haijaguswa!
Nimeenda moja kwa moja kwa Kimotho. Nikamwambia tusimamishe malori, tena tupunguze udongo wa juu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema sina, ila kuna watu ndani ya ile nyumba. Akachukua kofia. Malori ameyasimamisha yeye mwenyewe, tukashuka pamoja.
Nyanchoka alikuwa amepika chai. Mawingu mazito upande wa Sotik. Mimi niliingia – sakafu ina ufa mpya, unapita chini ya kitanda. Nikamwita Kimotho aone. Aliuona akiwa mlangoni, akabaki hapo.
"Ingia, injinia. Mvua inakuja," Nyanchoka akasema.
"Nitanywea hapa nje, mama."
Nyanchoka alimtazama. Akaweka birika chini, akamwinua mtoto kutoka kitandani.
Naandika ndani ya pikapu, mtoto amelala kando yangu. Magodoro tumeshatoa. Mvua imeanza – kubwa. Wao wawili wamerudi ndani kubeba cherehani, Kimotho ametangulia kuingia. Kutoka hapa mlango siuoni kwa mvua.